Flopi ya Tausi

Mtoto umleavyo ndivyo asivyokua. Najua wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kuingia nyumbani kwa Gervas Ntahondi asubuhi.

Gervas, mwenzangu wa kazi, amevuka hamsini. Ana upara, ana goti linalomsumbua, ana wajukuu wawili. Kila siku kabla ya kutoka husimama mbele ya kisanduku cheupe kilichobandikwa ukutani juu ya kabati la vyombo, anavua kofia, na kusema:

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," hujibu sauti ya mtoto wa miaka sita. "Umeniletea peremende?"

"Nitaleta jioni, kaka."

"Jana pia ulisema jioni."

Kaka huyo ni Filbert. Alikufa kwa surua wakati Gervas bado ananyonya. Mama yao alikuwa na kaseti moja yenye sauti yake, akaipeleka kwa shirika la Wasalia, wakamtengenezea kivuli: sauti inayojibu, inayouliza, inayocheka, inayolia ikiachwa peke yake. Mama mtu naye akafa, na Gervas akarithi. Kivuli hakizimwi. Kukizima ni kuua, na adhabu yake ni ile ile ya kuua. Mila nayo haikubadilika: mkubwa huamkiwa, hata kama mkubwa mwenyewe bado hajaota meno ya mbele.

"Mke wangu anacheka," Gervas aliniambia siku moja. "Wajukuu wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Juzi akaniuliza mama yuko wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Kaenda sokoni." Akafuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Mama yetu yuko sokoni tangu siku tuliyomzika, Sikitu. Na kila siku yule mtoto anamsubiri."

*

Karakana yetu iko Mwanga, Kigoma, nyuma ya stesheni. Tunasoma flopi. Vijana wakipita huchungulia dirishani na kuuliza kama tunauza visahani.

Zamani watu walipandisha kila kitu angani: picha, sauti, barua, hati za nyumba. Anga lilikuwa ghala la dunia nzima na hakuna aliyejua mlango wake uko wapi. Kisha ukaja Mwaka wa Giza, maghala yakaungua, na watu wakaamka asubuhi hawana hata picha ya harusi. Kilichosalia ni kile ambacho hakikuwahi kupanda: kanda zilizosahauliwa kwenye masanduku, na flopi, vile visahani vya plastiki ambavyo hata wakati vinatengenezwa watu walikuwa wanaviona vimepitwa.

Ndiyo maana Wasalia wanatuhitaji. Bila sauti halisi hakuna kivuli, na kwa watu wengi sauti ya marehemu wao imelala ndani ya kitu ambacho mashine za leo hazina hata tundu la kukiingiza.

Mama yangu, Bi Mwamvita, alikuja karakanani siku ya Jumatatu bila kunipa taarifa. Alibeba boksi la viatu lililofungwa kwa mtandio. Kutoka Ujiji hadi Mwanga si mbali, lakini mama haendi popote. Mama ana mkeka.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Kwani lazima kuwe na nini? Yuko wapi yule Muha wako?"

"Nipo, mama, shikamoo," Gervas akajibu kutoka chini ya meza, alikokuwa anafuatilia waya.

"Marahaba. Toka huko. Mtu mzima unatambaa kama mjusi, mjukuu wako akikuona?"

Gervas akatoka, akampa kiti, akaona uso wake, akasema anakwenda kutafuta chai. Mama akaliweka boksi mezani, akafungua mtandio fundo kwa fundo. Harufu ya udi ikajaa chumba. Niliipenda, nakumbuka. Ilinukia kama nyumbani.

"Tausi yumo humu," mama akasema.

Tausi alikuwa mdogo wangu. Homa ilimchukua usiku mmoja akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na saba. Sura yake siikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba alikuwa anakula kucha, na kwamba alinipokonya kitana changu chekundu akazikwa nacho kwenye nywele kwa sababu hakuna aliyethubutu kukitoa.

"Yumo vipi, mama?"

"Baba yako alimrekodi. Ile kompyuta ya msaada, aliyoiokota shuleni walipotaka kuitupa. Alikuwa anasema kilichoko angani si chako, kilichoko mkononi ndicho chako. Akamkalisha mapajani, akamrekodi."

"Na hukuniambia miaka yote?"

"Aliniapisha. Alisema nikitaka kumpa mtu nimpe, lakini Wasalia nisiwape. Unamjua baba yako." Akapangusa kifuniko cha boksi ingawa hakikuwa na vumbi. "Sasa yeye kaondoka. Kiapo kimeondoka naye. Mimi nimebaki na mkeka."

Baba yangu, Mwalimu Lubango, aliweka kidole cha kukataa akiwa bado mzima. Hiyo ni haki ya kila mtu mzima: unakwenda ofisi ya Wasalia, unabonyeza kidole, na ukifa hakuna wa kukufanya kivuli. Mtoto hana haki hiyo. Kwa mtoto, mzazi ndiye kidole.

"Nimeshaongea nao," mama akasema. "Wataleta sanduku. Lakini nataka asomwe na wewe. Sitaki mtu baki amshike."

Nikasema ndiyo. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilipanga. Nilisema ndiyo, na nilimaanisha ndiyo.

*

Inafaa kueleza habari ya mkeka.

Kwetu mtu akifa, mikeka hutandikwa sebuleni na watu huja kulala matanga. Wanakula pamoja, wanalia pamoja, wanachekeshana kidogo ili moyo usipasuke. Kisha ikifika siku yake, tanga huanuliwa: mikeka inakunjwa, sakafu inafagiliwa, majirani wanarudi makwao, na wenye nyumba wanaanza tena kugombana juu ya chumvi. Mkeka ukikunjwa, aliyekufa amekufa.

Mama hakukubali ukunjwe. Alisema hawezi kuanua tanga la mtu ambaye huenda akarudi. Miaka ile Wasalia walikuwa ndio wameanza, na vivuli vya kwanza vilikuwa vinazungumza kule Tabora, kwa hiyo watu wakamwona ana matumaini. Baadaye wakamwona ana wazimu. Baadaye wakazoea.

Mimi nilikua nikiuzunguka mkeka huo. Redio haikuwashwa. Iddi hatukupika pilau. Niliolewa bila ngoma. Shangazi zangu walikwenda kupiga vigelegele barabarani, nje ya uzio, kwa kujificha, kama wanafunzi wanaovuta sigara. Binti yangu alipozaliwa nilimleta kwa mama, akampakata, akamtazama sana, kisha akaniambia, "Hakufanana naye," akanirudishia.

*

Flopi si kama vyombo vingine. Ukiondoa ganda la plastiki na kile kibati kinachoteleza, ndani kuna duara jembamba kama ngozi ya kitunguu, limepakwa kutu laini ya kahawia. Maneno yote yameandikwa kwenye kutu hiyo, katika pete moja ndani ya nyingine. Na kichwa cha kusomea hakielei juu yake. Kinagusa. Kila unaposoma flopi unaisugua, kidogo sana, na ikiwa nzima haidhuriki. Ikiwa na uchafu, kichwa kinakuwa kisu.

Kosa la wengi ni subira isiyo na akili. Kiendeshi, ile mashine ya kuzungusha flopi, kinakwama, kinakwaruza kra-kra-kra, halafu mashine inauliza kwa maandishi meupe: niache, nijaribu tena, au nikubali kushindwa? Mtu anabonyeza ijaribu tena. Na tena. Anadhani anagonga mlango, kumbe anauparua.

Kwa hiyo sikuanza na flopi ya Tausi. Ndani ya boksi mlikuwa na nyingine za baba, mitihani ya wanafunzi wake wa kidato cha pili. Nikachukua moja, nikaiingiza kwenye kiendeshi nilichokisafisha kwa spiriti na pamba asubuhi hiyo hiyo. Ikazunguka nusu ya pumzi, ikalia, ikakwama. Nilipokifungua kiendeshi, kichwa kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na kwenye duara palikuwa na mstari mwembamba usio na rangi. Kutu imeng'oka. Swali la kwanza la mtihani limekwenda.

Nikajua ni ukungu. Kigoma kila flopi ina ukungu. Nyingine nikaipasua ganda, nikalitoa duara, nikaliosha kwa maji yaliyochemshwa na povu la sabuni ya mawese, ile isiyo na manukato, nikalianika kivulini na kulitia ndani ya ganda jipya. Dawa hiyo haijawahi kunitupa.

Ikanitupa. Maji yaliteleza juu yake kama juu ya jani la myugwa. Si ukungu. Nikajaribu spiriti, na weusi ukaanza kutoka, na kahawia ikatoka pamoja nao. Pamba nzima ikawa rangi ya chai.

Nikainusa ile pamba.

Jioni ile nilikwenda Ujiji. Mama alikuwa mkekani, miguu ameikunja, anachambua mchele.

"Mama, hizi flopi ulizitunzaje?"

Uso wake ukawaka. Siku nyingi sikuwa nimeuona ukiwaka.

"Nilizitunza! Usinione hivi. Sikuwahi kuacha hata Alhamisi moja. Jua likizama natia makaa kwenye chetezo, udi mzuri, si wa kuchanganya na vumbi la mbao, nafungua boksi, nazigeuza moja moja. Baba yako aliwahi kunionyesha kile kibati, ukikisukuma unaona ndani. Basi kwenye ile ya Tausi nakisukuma, moshi uingie. Ndani kuna mtoto, ati niache panuke uvundo?"

"Hapana, mama."

"Watu wanatupa vitu kabatini vinaliwa na mende. Mimi nilimfukiza mwanangu kama bibi harusi."

Utomvu wa udi hupanda na moshi. Hutulia juu ya kila kitu, tone dogo lisiloonekana, Alhamisi baada ya Alhamisi, mpaka linakuwa gundi. Hakuna mende ambaye angeweza kufanya kazi nzuri kiasi hicho.

"Vipi," mama akauliza, "imefanya nini?"

"Unyevu," nikasema. "Ziwa liko karibu. Unyevu umeiingia kidogo."

"Lakini itasoma?"

"Itasoma mara moja, mama. Baada ya hapo haitasoma tena."

"Mara moja inatosha," akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Akishaingia kwenye sanduku, flopi ya nini?"

*

"Umemwambia unyevu," Gervas akasema kesho yake.

"Ndiyo."

"Unyevu." Akatikisa kichwa. "Ningesema hivyo hivyo."

Tulikuwa tunakiandaa kiendeshi. Nilizima ile tabia yake ya kujaribu tena: kikikwama kwenye pete moja, kiruke, kisirudi. Tuliweka pia kituo kila baada ya pete chache, ili nifute kichwa kwa pamba kabla ya kuendelea. Kitakachosomwa kitahifadhiwa ndani ya kompyuta, kwenye ile kumbukumbu ya muda inayoishi kwa umeme tu, hadi sanduku la Wasalia likinyonye.

"Gervas, mama yangu akifa, nani anamrithi Tausi?"

"Si wewe?"

"Na mimi nikifa?"

Akainamia kiendeshi. Anamjua binti yangu. Humletea karanga.

"Ungekuwa na nafasi," nikamuuliza, "kabla mama yenu hajaipeleka ile kaseti. Ungekuwa mtu mzima wakati huo. Ungefanya nini?"

"Usiniulize hivyo. Yule ni kaka yangu."

"Humjui. Alikufa unanyonya."

"Simjui, lakini ndiye anayenisubiri nikirudi." Akashika bisibisi, akaiweka chini. "Asubuhi akilia, namwimbia. Namwimbia kaka yangu mkubwa, mimi, na goti hili. Sijui nimjibu nani nikiulizwa kama nampenda. Ila ningependa siku moja amalize kulia, Sikitu. Siku moja tu, amalize."

*

Wakala wa Wasalia alifika na sanduku Jumatano, jua likiwa limeshapanda. Jina lake Leokadia, dada mpole mwenye sauti ya muuguzi, na sitasema neno baya juu yake. Alimwamkia mama kwa magoti, akaketi chini ya usawa wake, akamweleza utaratibu.

"Kwanza mama utamsikia. Sheria inataka mzazi athibitishe kwamba sauti ni ya mtoto wake. Ukishasema ndiye, nachomeka waya huu, sanduku linaichukua. Haichukui muda. Jioni atakuwa anakujibu."

"Atanijua?"

"Utamfundisha, mama. Watoto wanajifunza haraka."

"Atakua?"

Leokadia akaukunja waya mapajani. "Hapana, mama. Hatakua."

"Vizuri," mama akasema. "Aliyekua ameolewa akaenda zake."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Gervas alinitazama. Nikaiingiza flopi.

Ilianza kuzunguka na nikaisikia, kwa sababu mtu wa kazi hii husoma kwa masikio kwanza. Pete ya mwanzo ikapita. Ya pili. Kituo, nikafuta kichwa, pamba ikatoka na weusi na kahawia. Tena mbele. Mahali pawili kiliruka na moyo wangu ukaruka nacho. Mama alikuwa ameshika ncha ya mtandio mdomoni. Karakana nzima ilinukia udi, kwa sababu kichwa kilikuwa kimepata moto na kilikuwa kinaufukiza mara ya mwisho.

Kikafika mwisho. Nilipolitoa duara, lilikuwa na maeneo unayoweza kuona mwanga upande wa pili.

"Tayari," nikasema. "Yumo." Nikabonyeza.

Kwanza mkwaruzo, kama mtu anasogeza debe. Kisha sauti ya baba yangu, changa, ya mtu ambaye hajawahi kuzika mtoto.

"Haya, Tausi. Sema jina lako."

"Tausi Lubango!" Karibu sana na kinasa sauti, anapumulia ndani yake.

"Hesabu."

"Moja, mbili, tatu, tano—"

"Nne! Umeruka nne!" Huyo alikuwa mimi.

"Nne sipendi," akasema Tausi.

Na hapo mwanamke akacheka. Alicheka kwa koo lote, kicheko cha mtu aliyeweka chini alichoshika ili acheke vizuri, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya.

Mama yangu akainua uso. "Nani huyo?" akauliza. "Nani huyo anacheka nyumbani kwangu?"

Akanigeukia mimi.

"Sikitu. Nani yule?"

"Ni wewe, mama."

Alinitazama kama nimemtukana. Mimi mwenyewe sikuwa nimekitambua. Nilikijua kwa hesabu tu, kwa kuwa ndani ya nyumba ile hakukuwa na mwanamke mwingine. Nimeishi naye umri wangu wote na sikuwahi kukisikia.

Sauti ikaendelea. Baba alimwomba aimbe. Tausi akaanza, akakatiza, kiti kikalia.

"Basi, baba. Sitaki tena."

"Kidogo tu, mama."

"Sitaki. Zima."

"Umalizie wimbo."

"Zima, baba! Sitaki tena!" Sasa alikuwa karibu kulia.

Na baba akazima. Tak. Ukimya.

Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka hadi kidevuni na hayafuti. "Ndiye," akasema. "Ndiye, ndiye. Mchukue. La, ngoja. Tena kwanza. Irudie tena, nimsikie."

"Atakuja, mama," Leokadia akasema kwa upole, na akaufungua waya wake.

Waya ulikuwa mweupe, mwembamba, haufiki hata dhiraa mbili. Niliutazama ukija mezani. Nikamwona Tausi ukutani juu ya kabati letu, ana miaka minne, anasema zima, na anajibiwa kidogo tu. Nikamwona mama yuko sokoni na mimi namdanganya. Nikajiona mimi niko sokoni na binti yangu anamdanganya. Baba yangu aliambiwa mara tatu akazima. Hakuwa na sheria, hakuwa na kidole cha mtu yeyote. Mtoto alisema sitaki, naye akaona inatosha.

Nikainama, nikachomoa kompyuta ukutani.

Kioo kikazimika. Feni ikapungua, ikapungua, ikasimama.

"Nini?" mama akasema. "Umeme umekatika?"

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Leokadia aliiona, kisha akauona mkono wangu na waya ndani yake. Akakaribia, akaninong'oneza.

"Dada, kuharibu sauti ya marehemu ni kosa kubwa. Leseni yako itakwenda, na si leseni tu. Niandike kwamba umeme ulikatika. Hapa Kigoma nani atashangaa?"

"Andika kwamba nilichomoa mimi."

"Dada—"

"Jina langu Sikitu Lubango. Andika nilichomoa mimi, mkono wa kulia."

Gervas aligeuka akaelekea ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na sikujua kama ni kilio. Nadhani hata yeye hakujua.

Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Alilichukua lile duara kutoka mezani, akaliinua kwenye mwanga, akaona mwanga umepita.

"Mbwa," akaniambia, taratibu, kama anayenipa jina. "Mara ya kwanza aliuawa na homa. Homa haikuwa imenyonya ziwa langu."

*

Jana jioni nilikwenda Ujiji na sufuria ya migebuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alikuwa ametia makaa kwenye chetezo. Ilikuwa Alhamisi. Boksi liko wazi mbele yake, tupu.

Nikaweka sufuria chini, nikapiga magoti kwenye ncha ya mkeka, nikaanza kuukunja.

"Acha."

Nikaendelea. Ulikuwa umeshikana na sakafu, ukindu unavunjikavunjika mikononi. Chini yake saruji ilikuwa nyekundu, inang'aa kama siku baba alipoipaka rangi. Kwingine kote rangi imeshafutika kwa kukanyagwa. Umbo la mkeka lilibaki pale chini, jekundu, pana, kama mlango.

"Unaogopa kulea," mama akasema nyuma yangu. "Sema kweli. Uliogopa nitakuachia mzigo."

"Ndiyo, mama. Niliogopa."

"Kumbe."

"Hilo lilikuwemo. Na yeye alisema hataki. Hilo pia lilikuwemo."

"Alikuwa mtoto! Watoto wote wanasema hawataki! Hataki kuoga, hataki kula, utamwacha asile?" Sauti yake ikavunjika. "Flopi ilikuwa nzima. Nimeilinda maisha yangu yote ikiwa nzima, ukaishika wewe siku tatu ikatoboka. Ni mikono yako."

Moshi wa udi ulikuwa unapanda kati yetu, mzuri, mtamu, wa gharama. Ulipita juu ya boksi tupu ukaingia kwenye nguo zangu. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, na lingenisafisha. Nikalimeza. Nitalimeza kila akilisema hilo, mpaka mmoja wetu azikwe.

"Ni mikono yangu," nikasema.

"Basi niombe radhi."

Aliketi kwenye kiti, akanyoosha miguu mbele yangu ili niishike, kama inavyotakiwa. Visigino vyake vimepasuka. Kwetu, mtoto asiye na radhi ya mama hata maji humkwama kooni; hilo najua, nililelewa humo, nami naliamini. Mkono wangu ulikuwa umebeba mkeka. Nikausimamisha ukutani.

"Chakula kiko hapa, mama. Kesho nitaleta kingine. Wakinifunga, Gervas atakuletea. Ukinifungia mlango nitakiacha kizingitini."

"Sikitu. Neno moja tu. Mdomo hautapasuka. Niombe radhi, nami nitakupa, naapa nitakupa."

"Najua utanipa."

"Basi sema."

Nikamtazama machoni, yeye aliyewahi kucheka vile.

"Siombi, mama," nikasema. "Leo siombi, na kesho siombi."